Buibui wenye sumu chumbani bwenini: gundi, mashine, dawa au kuhama?

Taulo lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango tangu Ijumaa. Jumatatu asubuhi nikalivuta nijifute uso, kitu chepesi kikanidondokea mguuni na kutokomea chini ya kitanda kabla sijapiga hata kelele. Mwenzangu wa chumba, kijana wa Arkansas, hakuinuka kitini. Aliuliza rangi tu. Nikamwambia kahawia. "Siku nyingine likung'ute kwanza," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Huo ulikuwa Septemba, mwezi wangu wa kwanza mashariki mwa Kansas, kwenye bweni la zamani la mawe ambalo mabomba yake ya kupasha joto hupita kwenye matundu mapana kuliko bomba lenyewe. Nilikaa humo miaka miwili, nikajaribu karibu kila kitu anachoweza kujaribu mtu mwenye nusu ya chumba na pesa za mwanafunzi. Siku hizi kila ifikapo Julai, viza zikianza kutoka, napata swali lilelile kutoka kwa wadogo zangu wa Tanga, Mwanza au Mombasa waliopata nafasi Missouri au Oklahoma: kaka, nasikia huko kuna buibui anaozesha nyama, ninunue dawa gani?

Suala la dawa mimi naliweka karibu na mkia. Njia zipo kama sita, wala hazilingani, na ile inayojaza rafu za dukani ndiyo niliyoiona haina maana kuliko nyingi. Kama leo usiku una nguvu ya kufanya jambo moja tu, vuta kitanda kitoke ukutani na utege karatasi za gundi. Mengine yasome kesho.

(Watu wa pwani, nawaona mnacheka. Buibui ninayemsema hapa ana miguu minane. Lile la kina mama halina kesi.)

Umjue kwanza aliyemo

Katika buibui wote utakaowaona kwenye mabweni ya kule, wa kumkosesha mtu usingizi ni wawili. Wa kwanza wenyeji humwita brown recluse, kwa jina la kitaalamu Loxosceles reclusa. Mimi nitamwita fidla, kwa kuwa nyuma tu ya macho ana doa jeusi lenye umbo la fidla, shingo ikielekea tumboni. Wa pili ni mjane mweusi, Latrodectus mactans: jike jeusi linalometameta kama chungu kilichopakwa mafuta, na chini ya tumbo lina alama nyekundu yenye kiuno, mfano wa saa ya mchanga.

Hawa wawili hawaishi maisha ya namna moja, na uchaguzi wa njia unaanzia hapo. Mjane hukaa kwenye utando wake, chini chini, mahali pasipoguswa: banda la baiskeli, chini ya ngazi za nje, kisanduku cha mita ya maji. Anangoja chakula kimjie. Kwa miaka miwili ghorofa ya tatu sikumwona hata mmoja. Niliowaona walikuwa nje, nyuma ya mapipa ya taka. Fidla ni mzururaji. Usiku hutoka kutafuta wadudu, na kukipambazuka hujichomeka popote palipo finyu na pakavu, iwe mkunjo wa taulo, ncha ya soksi au katikati ya makatoni. Mjane utamkuta kwake. Fidla utamkuta kwenye vitu vyako. Hana haja na wewe. Meno yake ni mafupi, na humuuma mtu pale anapobanwa kati ya nguo na ngozi, yaani unapovaa kiatu au unapogeuka kitandani.

Kabla hujanunua chochote tazama ramani. Eneo la fidla linaanzia kusini-mashariki mwa Nebraska hadi kusini-magharibi mwa Ohio kwa upande wa juu, na kutoka Texas ya kati hadi magharibi mwa Georgia kwa upande wa chini. Kansas, Missouri, Oklahoma, Arkansas na Tennessee zimo katikati kabisa. Ukienda Boston, Minneapolis au Los Angeles, huyo wa kahawia uliyemwona bafuni karibu kwa hakika ni mwingine. Rick Vetter, mtafiti wa buibui wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, aliwahi kuwaomba Wamarekani wamtumie buibui waliodhani ni fidla, na waliotoka nje ya eneo hilo karibu wote walikuwa buibui wa kawaida.

Hata ndani ya eneo lake, doa la fidla hudanganya. Wako buibui wengi wasio na madhara wenye doa la namna hiyo. Hesabu macho. Nilipomnasa wa kwanza kwenye gundi niliwasha tochi ya simu, nikamkuza kwenye kioo mpaka kichwa kikajaa. Macho mawili mbele, mawili kushoto, mawili kulia, kila jozi imekaa kama nukta pacha. Jumla sita. Buibui wengi wana manane. Tumbo halikuwa na mstari wala baka, rangi moja tu ya chai ya maziwa, na miguu ilikuwa na vinyweleo laini bila miiba. Mwili wote ni kama punje ya mahindi. Ukihesabu na miguu ilivyotanda, kama sarafu ya senti 25 ya Marekani.

Yule mkubwa mwenye manyoya na mistari, anayekimbia katikati ya sakafu na macho yake kung'aa ukimmulika, ni buibui mbwamwitu. Anatisha kuliko fidla mara kumi na madhara yake ni madogo. Na yule mwenye miguu mirefu kama nyuzi anayetikisika kwenye pembe ya dari, mwache hapohapo. Anakula buibui wenzake.

Hesabu iliyonituliza

Kuna nyumba moja ya zamani huko Lenexa, Kansas, mwendo mfupi kutoka Kansas City. Kati ya Juni na Novemba 2001 waliokuwa wakiishi humo, familia ya watu wanne, walikusanya fidla 2,055. Zaidi ya elfu mbili, nyumba moja, miezi sita! Walikuwa wameishi humo miaka kadhaa na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jeraha la kuumwa. Vetter na mwenzake walichapisha habari hiyo mwaka 2002.

Nilipoisoma nilibadilisha lengo. Nilikuwa nataka chumba kisicho na fidla hata mmoja, jambo ambalo kwenye jengo la zamani la Kansas ni kama kutaka Tanga isiyo na mbu. Nikaanza kutaka kitu kidogo zaidi: ngozi yangu na yeye visikutane. Kila njia hapa chini naipima kwa kipimo hicho.

Hata vyuo vyenyewe huruka na kukanyagana. Februari 2021 Chuo Kikuu cha Michigan kilifunga maktaba yake ya wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa siku mbili, kwa sababu buibui wa jamii hiyohiyo, wa asili ya Mediterania, walikuwa wameonekana ghorofa ya chini ya ardhi. Baadaye chuo kikakiri kwamba kufunga hakukuwa na haja.

Gundi na kitanda: hapa ndipo kazi ilipo

Karatasi ya gundi ni kadi bapa yenye ulimbo juu. Haina harufu wala mvuke, na inauzwa dola chache kwa pakiti. Fidla hutembea akifuata pembe ya ukuta na sakafu, kwa hiyo kadi ilazwe hapo, ubavu wake ukigusa ukuta. Katikati ya chumba utanasa soksi za mwenzako. Niliweka moja nyuma ya mlango, moja kila upande wa kabati, mbili chini ya kitanda na moja pale bomba linapotobolea sakafu. Kila kadi niliiandika tarehe kwa kalamu.

Ile ya kwenye bomba ilinasa wanne ndani ya wiki mbili. Ya kabatini mmoja. Zilizobaki zilikuwa na vumbi, kombamwiko mmoja na nywele. Hapo nikaelewa faida kubwa ya gundi: inakuonyesha wanapotokea. Dawa haikuambii kitu. Ukipuliza na usimwone tena, hujui kama amekufa au amehamia kwenye begi lako. Gundi hukupa hesabu, na ukishakuwa na hesabu unaweza kupima kama njia nyingine zimesaidia. Niliziba tundu la bomba kwa sufi ya chuma na selotepu pana, na wiki mbili zilizofuata kadi ile ilinasa mmoja.

Udhaifu wake ni kwamba hunasa wanaotembea, na wanaotembea sana ni madume. Majike na mayai hubaki mafichoni. Kwa mjane ambaye haachi utando wake, haifai kabisa. Halafu ni ukatili, sitaficha. Nilimsimulia bibi yangu kwa simu, nikidhani nitachekwa kidogo tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hao wadudu wamekukosea nini?"

Nikamweleza sumu, nikamweleza gundi. Akanyamaza, kisha akanikumbusha habari niliyoisikia kwake tangu nikiwa chuoni kwa maalim: buibui aliyetanda mlango wa pango la Thaur, Mtume na sahibu yake wakiwa ndani, waliowafuatia wakaona utando mzima wakapita. "Na wewe unamtegea ulimbo?" Tulikubaliana kwa masharti. Mwenye macho sita atanaswa. Mwingine yeyote nitamfunikia bilauri, nipitishe kadi chini yake, nikamwachie nje. Ahadi hiyo nimeishika, na akinasa mtu asiyehusika, tone la mafuta ya kupikia kwenye gundi humlegeza. (Mafuta hayohayo yanatoa gundi kwenye kisigino cha mwenzako. Mweke nayo karibu.)

Gundi peke yake hata hivyo ni nusu. Nusu ya pili haigharimu senti. Vuta kitanda kisiguse ukuta wala pazia. Shuka isiburure sakafuni. Kilicho chini ya kitanda kitoke au kiingie kwenye masanduku ya plastiki yenye vifuniko, maana makatoni ni nyumba ya fidla. Ile mikunjo yake ni kama magamba ya mti anayojifichia porini. Kama ni dabodeka, omba kulala juu. Nguo zilizolala sakafuni zikung'ute kabla ya kuvaa, viatu uvigonge kisigino kwa kisigino. Mwenzangu wa Arkansas alikuwa akifanya hivyo bila kufikiri, kama sisi tunavyochungulia ndani ya kiatu shambani kuangalia nge. Hakuwa na mtego hata mmoja upande wake, na hakuwahi kuumwa maishani.

Mashine ya kufyonza

Mabweni mengi yana mashine ya kufyonza vumbi mapokezini, unaiazima kwa kitambulisho. Kwa njia hii unamtoa buibui, utando wake na kifuko cha mayai kwa mpigo mmoja. Kifuko hicho ni cheupe, kama pamba iliyobanwa, na kimoja kina makumi ya mayai. Gundi haiwezi kukigusa. Tumia mdomo mwembamba wa mashine kwenye pembe, nyuma ya kabati na kwenye fremu ya kitanda. Ukimaliza, mfuko wa mashine uufunge ndani ya mfuko mwingine, uupeleke pipa la nje.

Ukinibana nichague kati ya mashine na gundi, nitasema: mashine kwa siku ya kwanza na kila mwezi, gundi kwa siku zote zilizobaki. Mashine inasafisha alipo sasa. Haikuambii atakayekuja kesho. Kwa mjane aliye kwenye utando wa banda la baiskeli, mashine au ufagio mrefu ndiyo njia, wala usihangaike na nyingine.

Dawa ya kopo

Ninajua tulivyolelewa. Nyumbani jioni mtu anafunga madirisha, anapuliza, mnatoka barazani dakika ishirini, mkirudi mbu wamelala sakafuni. Tunaamini mvuke. Ndiyo maana mwezi wa kwanza nilimaliza makopo mawili.

Fidla si mbu. Anasimama kwenye ncha za miguu mirefu, tumbo limeinuka, kwa hiyo dawa iliyokaukia sakafuni humgusa kidogo sana. Itamuua ukimpulizia mwilini, lakini aliye karibu kiasi cha kupuliziwa yuko karibu kiasi cha kupigwa kandambili. Wengine wote wako ndani ya ukuta, na anaweza kukaa miezi bila kula akingoja.

Kuna jambo baya zaidi. Mwaka 2003 Jamel Sandidge, aliyekuwa akiwachunguza fidla hapo Chuo Kikuu cha Kansas, alichapisha kwenye jarida la Nature kwamba hawa buibui hupendelea mawindo yaliyokwisha kufa. Ukipuliza ukaua mende na nyenje wa chumba kizima, umemwandalia karamu na hakulazimika hata kuwinda. Makopo yangu mawili yaliua wadudu wengi kweli. Fidla wakaja kula.

Yale makopo ya bomu, unayobonyeza ukayaacha yajaze chumba moshi, ndiyo mabaya kuliko yote. Ukungu wake hutua juu ya meza, mto na mswaki, hauingii kwenye nyufa alipo mdudu. Unaweza kushika moto, unaweza kuliza kengele ya jengo zima, na mnaposhiriki hewa na mwenye pumu utajuta. Mkataba wetu wa bweni ulikataza wanafunzi kutumia dawa zao wenyewe. Soma wako kabla hujafika dukani.

Kumwita msimamizi

Mtaalamu anayeletwa na chuo si sawa na wewe na kopo lako. Yeye hupuliza unga ndani ya ukuta kupitia nyufa na nyuma ya vifuniko vya soketi, mahali ambapo huna ruhusa wala vifaa vya kufikia, na unga hukaa muda mrefu. Anaweza pia kushughulikia chumba cha jirani. Hilo ndilo jambo kubwa, kwa sababu ukuta wako una pande mbili.

Shida ni kumpata. Sisi tuna haya. Mtu unajiona umekuja kwa ufadhili, utaanzaje kulalamika? Ombi langu la kwanza niliandika kwa adabu ya Kiswahili iliyovaa Kiingereza: samahani kwa usumbufu, naona kuna wadudu chumbani, mkipata nafasi. Likakaa siku kumi na moja. La pili niliandika jina la buibui, idadi kwa kila kadi, tarehe, na picha ya macho sita. Walikuja keshokutwa. Ujumbe wenye hesabu husomwa. Wenye samahani tatu huwekwa chini. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na gundi hata kama umeamua kuita wataalamu: gundi ndiyo ushahidi wako.

Usidhani lakini kwamba akija mara moja yamekwisha. Baada ya ziara yao hesabu yangu ilipungua, haikufika sifuri.

Harufu na matunda

Mafuta ya mnanaa, limau, karafuu. Kila mtu ana shangazi anayeapa. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2018 liliona mafuta ya limau hayafukuzi kitu, mnanaa ukawafukuza baadhi ya buibui, na fidla hakuwamo kwenye jaribio. Chumba kitanukia vizuri.

Watu wa Kansas na Missouri wana yao: tunda la mti wa Osage, kijani, kubwa kama chungwa, lenye makunyanzi kama ubongo. Wanaliweka kwenye pembe za nyumba kila Oktoba. Mafuta yaliyokamuliwa humo maabara yaliwahi kuwafukuza baadhi ya wadudu, lakini tunda zima limekaa tu pembeni haliwasumbui. Langu lilioza, likaleta visubi, na visubi ni chakula.

Kuhama chumba

Kwa mwenye woga wa buibui unaomzuia kulala kabisa, hili ni chaguo halali na usione aibu kuliomba. Uliza tu unahamia wapi. Kutoka bweni la zamani kwenda jipya kuna maana. Kutoka chumba 312 kwenda 318 jengo lilelile ni kubadilisha namba. Na fidla husafiri ndani ya makatoni, kwa hiyo asiyefungua na kukung'uta kila kitu huhama naye.

Kwa anayetaka kuona vyote kwa jicho moja:

| Njia | Kwa fidla | Kwa mjane | Kasoro kubwa |
|---|---|---|---|
| Kitanda na masanduku ya plastiki | Kinga bora ya ngozi | Husaidia kidogo | Inataka nidhamu kila siku |
| Karatasi za gundi | Nzuri, na hukupa hesabu | Haifai | Majike hawanaswi sana |
| Mashine ya kufyonza | Nzuri, hutoa na mayai | Nzuri kuliko zote | Hurudiwa kila mwezi |
| Dawa ya kopo | Mbovu, huenda ikamlisha | Ukimlenga mwenyewe tu | Sheria za bweni, pumu |
| Mtaalamu wa chuo | Nzuri akishafika | Nzuri | Kusubiri |
| Mnanaa, tunda la Osage | Usihesabu | Usihesabu | Visubi |

Ningekuwa naanza leo, ningefanya safu ya kwanza usiku wa kwanza, gundi kesho yake, na mashine Jumamosi. Kadi moja ikifikisha watatu ndani ya wiki mbili, ombi kwa msimamizi siku hiyohiyo. Dawa ya kopo nisingenunua. Aliyepangiwa chumba cha chini ya ardhi asisubiri kadi. Aandike ombi mapema.

Akikuuma, au ukidhani amekuuma

Kwetu mtu akiamka na malengelenge yaliyochorwa mstari shingoni, huambiwa amekojolewa na buibui. Mara nyingi ni yule mdudu mwekundu na mweusi, nairobi fly, aliyesagwa juu ya ngozi usingizini. Buibui hakuwepo. Marekani wana kosa hilohilo kwa sura nyingine: kila kidonda kinachooza huitwa fidla, kumbe mara nyingi ni maambukizi ya bakteria, hasa MRSA (bakteria sugu kwa antibiotiki nyingi), ambayo yana tiba yake na yanataka tiba hiyo mapema. Kwa hiyo ukienda zahanati ya chuo usitangulize jina la buibui usiyemwona. Eleza kidonda, waache wachunguze. Ukimwona aliyekuuma, mchukue hata akiwa amepondeka, umtie kwenye kichupa.

Kwa fidla, maumivu huchelewa saa kadhaa. Osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, inua kiungo, usikate wala kufyonza. Barafu hapa inapunguza nguvu ya kimeng'enya kilicho kwenye sumu. Kitambaa cha moto, ambacho bibi zetu wangekimbilia, kinafanya kinyume. Kuumwa kwingi hupona kwenyewe. Nenda hospitali haraka ukiona homa, vipele mwili mzima, mkojo mweusi kama kola, au katikati ya jeraha pakigeuka zambarau na kupanuka.

Kwa mjane ngozi huonyesha kidogo na mwili huonyesha kikubwa: misuli ya tumbo na mgongo kukakamaa, jasho, moyo kwenda mbio. Hiyo usilale nayo. Yeye ana dawa ya kuzimua sumu hospitalini. Fidla, kwa Marekani, hana.

Bili za chumba cha dharura kule zinaweza kukuuma kuliko buibui, kwa hiyo kama hali si ya kutisha piga kwanza 1-800-222-1222, namba ya taifa ya mambo ya sumu. Ni bure, saa ishirini na nne, na watakuambia kama ungoje au uende. Mwombe mkalimani kama Kiingereza kinakukimbia kwa hofu. Niliipiga mara moja, saa tisa usiku, kwa ajili ya alama nyekundu kifundoni. Mama aliyepokea aliuliza maswali kumi, akataka nipige picha na kuichora duara kwa kalamu, niangalie kama itatoka nje ya mstari ikifika asubuhi. Haikutoka. Ulikuwa mshono wa soksi.

Siku ya kuondoka nilifungua sanduku la viatu nje, kwenye nyasi, nikavigonga kimoja kimoja. Kilidondoka kipande cha chaki na risiti ya makopo mawili ya dawa.